Ortigia (Siracusa) kwa miguu na chakula cha mchana: ziara ipi inastahili fedha yako?

Baharia wa Nchi Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Safari za Sicily, kisiwa kikubwa cha Italia, zimeanza kuulizwa sana humu, hasa na ndugu zetu waishio Ulaya ambao hupata tiketi za bei nafuu za kwenda Catania. Naomba nifungue uzi huu kwa jambo moja tu, nalo ni ziara ya asubuhi ya kutembea kwa miguu ndani ya Ortigia, kisiwa ambacho ndicho mji mkongwe wa Siracusa, pamoja na chakula cha mchana kinachofuata. Habari za fukwe, za mlima Etna na za hoteli zina nyuzi zake.

Ortigia haifiki hata kilometa moja ya mraba. Imeunganishwa na mji mpya kwa madaraja mafupi, na upande wake wa magharibi unatazama Bandari Kuu, ghuba pana iliyotulia ambayo ndiyo sababu ya mji kuwepo hapo. Wagiriki wa Korintho walifika karibu mwaka 734 KK wakaweka makazi, na watu hawajaondoka tangu siku hiyo. Ndani ya ghuba hiyohiyo Waathene walipoteza kundi zima la merikebu zao za vita mwaka 413 KK, na mateka wao wakafungiwa katika machimbo ya mawe nje ya mji. Warumi waliuteka mji mwaka 212 KK, na Archimedes, mwenyeji wa hapo, akauawa na askari katika vurugu za kutekwa huko. Waislamu waliuchukua mwaka 878, Wanormani wakaupokonya mwaka 1086, kisha wakaja wengine na wengine.

Shida inaanzia hapo. Mambo ni mengi na eneo ni dogo, kwa hiyo waongoza watalii wengi huyapitia mbiombio: hekalu hili, picha, chemchemi hii, picha, ngome ile, picha, haya, twendeni tukale. Unatoka na tarehe kumi na tano kichwani ambazo kufikia jioni zimeshachanganyikana. Msimamo wangu ni kwamba ziara nzuri ya Ortigia ina vituo vichache, kimojawapo kirefu sana, na inaanzia sokoni badala ya kuishia sokoni.

Nianze na soko. Liko nyuma ya magofu ya hekalu la Apollo, katika mtaa wa De Benedictis, na hufanya kazi asubuhi tu, isipokuwa Jumapili. Ukifika saa tatu asubuhi barafu bado ni mpya mezani, wauza samaki wananadi kwa sauti ya kuimba, na kichwa cha nduaro kimesimamishwa wima juu ya barafu, upanga wake ukielekea juu, ili mnunuzi aone kwa macho yake kwamba minofu inayokatwa pembeni imetoka kwa samaki huyo na si mwingine. Kuna dagaa waliopangwa kwenye masanduku ya mbao, kuna jodari, pweza na ngisi, na meza za mbele zina mafungu ya origano kavu, nyanya zilizoanikwa juani, lozi kutoka Avola na malimau ya Siracusa yenyewe. Mwongozaji anayejua kazi yake atakuonyesha hapo vitu vitakavyokuwa kwenye sahani yako saa saba mchana. Soko likiwekwa mwishoni, unakuta wanaosha sakafu kwa mpira wa maji.

Hekalu la Apollo halihitaji muda mrefu. Ni la mwanzoni mwa karne ya 6 KK, miongoni mwa mahekalu ya mawe ya kale kabisa ya mtindo wa Kidoriki, na baadaye likawa kanisa, likawa msikiti, likawa tena kanisa, kisha kambi ya askari wa Kihispania. Yaliyobaki ni vipande. Dakika kumi zinatosha.

Kituo kirefu kiwe kanisa kuu, na msianzie mbele. Mbele kuna uwanja mzuri wa mawe meupe na uso wa kanisa wa mtindo wa Kibaroko uliobuniwa na Andrea Palma katika karne ya 18, baada ya tetemeko la mwaka 1693 kuuangusha ule wa awali. Kila mtu hupiga picha hapo. Ninyi pindeni kwanza kwenye mtaa wa Minerva, ubavuni, mkasimame mbele ya ukuta. Ndani ya ukuta huo mtaona nguzo nene za Kigiriki, zenye mifereji yake ya wima, zimezamishwa katikati ya mawe madogomadogo ya enzi nyingine. Nguzo hizo ni za hekalu la Athena, lililojengwa na mtawala Gelon baada ya kuwashinda Wakarthage kule Himera mwaka 480 KK. Katika karne ya 7 BK Wakristo waligeuza hekalu kuwa kanisa bila kulibomoa: waliziba kwa mawe nafasi zilizokuwa kati ya nguzo za nje, jengo likapata kuta, na kuta za chumba cha ndani wakazitoboa kuwa matao, watu wakapata njia ya kupita. Kwa maneno mengine, mahali palipokuwa wazi pakazibwa na mahali palipozibwa pakafunguliwa. Waislamu walipotawala palikuwa msikiti, na Wanormani waliporudisha kanisa waliinua kuta. Leo hii misa inasomwa humohumo, na chombo cha ubatizo ni bakuli kubwa la marumaru la Kigiriki lililowekwa juu ya simba saba wadogo wa shaba.

Mwongozaji akiweza kuwasimamisha mbele ya ukuta ule kwa nusu saa, akawaonyesha jiwe lipi ni la nani na kwa nini liko pale, mmeshapata thamani ya fedha yenu hata kama sehemu nyingine zote zitapitwa. Akiwavuta haraka kwenda mbele kwa ajili ya picha, mwekeni alama.

Kutoka hapo teremkeni hadi chemchemi ya Arethusa, ambako maji baridi yasiyo na chumvi yanatoka hatua chache tu kutoka baharini, kisha ngome ya Maniace kwenye ncha ya kisiwa kwa wenye nguvu, kisha mrudi kwa vichochoro vya Giudecca, mtaa walioishi Wayahudi hadi walipofukuzwa kufuatia amri ya mwaka 1492. Halafu chakula.

Karibuni tuchangie. Wenye uzoefu wa chakula, hasa, msikae kimya.

Binti Kilindini

Ahsante, ndugu mleta uzi. Mimi na mume wangu tunakusudia kwenda na watoto wakati wa likizo yao. Naomba ufafanuzi kuhusu chakula, maana sisi ni Waislamu na ziara nyingi tunazoziona kwenye mtandao zinatangaza «chakula cha mchana na kuonja mvinyo». Je, mtu anaweza kushiriki bila mvinyo na bila nguruwe, au itatubidi tutembee na kundi halafu tujitenge wakati wa kula?

Baharia wa Nchi Kavu (mleta uzi)

Dada, inawezekana kabisa, kwa sababu jikoni mwa Siracusa samaki na mboga ndio wenyeji na nyama ni mgeni. Lakini kuna mambo ya kuangalia ambayo mwongozaji hatayasema asipoulizwa.

Chakula ambacho ningekipendekeza kwanza ni tambi za Kisiracusa, zinazopikwa kwa dagaa wa chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, kisha zikanyunyiziwa chenga za mkate zilizokaangwa hadi zikawa rangi ya kahawia. Chenga hizo zilikuwa mbadala wa jibini kwa watu wasio na uwezo wa kununua jibini, na hadi leo hutapewa jibini juu yake hata ukiomba, utatazamwa tu. Pili ni caponata, yaani biringanya zilizokaangwa na kuunganishwa na nyanya, selari, zeituni, siki na sukari, huliwa ikiwa imepoa. Tatu ni dagaa waliokunjwa wakajazwa chenga za mkate na zabibu kavu. Ladha hiyo ya uchachu na utamu kwa pamoja Wasicily wenyewe huihusisha na karne za utawala wa Waislamu, na watoto waliozoea pilau yenye zabibu hawataishangaa.

Sasa tahadhari. Samaki na kome mara nyingi hupikwa kwa mvinyo mweupe, kwa hiyo mwambieni mhudumu mapema: *senza vino*, bila mvinyo, na *senza maiale*, bila nguruwe. Kwenye vitamutamu ndipo wengi hujikwaa: ganda la cannoli kwa mapishi ya asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala, ingawa ndani yake mna jibini laini tu. Badala yake agizeni granita ya lozi, ambayo ni maji, sukari na lozi zilizosagwa na kugandishwa. Mtoto akionja hiyo hataulizia cannoli.

Hayo yote myaandike kwa barua pepe wakati wa kulipia ziara. Ukisema mkiwa mmeshakaa mezani, mpishi amekwisha kumwaga mvinyo sufuriani.

Mzaliwa wa Malindi

Mleta uzi, kuhusu kanisa kuu nakuunga mkono kwa asilimia mia. Kuhusu chakula napingana nawe. Mimi Kiitaliano nilijifunzia nyumbani Malindi, ambako Waitaliano wamejaa tangu tukiwa wadogo, na baadaye nimefanya kazi za mahotelini huku Italia. Nasema hivi: lipia kutembea peke yake, chakula jitafutie mwenyewe. Ziara inapofungamanishwa na mkahawa, mkahawa huo tayari umeshampata mteja, kwa hiyo hauna sababu ya kujitahidi. Niliwahi kupelekwa na kundi mahali ambapo tambi zilikuwa zimechemshwa kabla hatujafika na zikapashwa moto tu. Kwa Mwitaliano hiyo ni aibu ya familia nzima.

Anayekwenda peke yake ajue kusoma orodha ya vyakula, kwa sababu wageni wengi hulia wanapoletewa hesabu. Samaki mzima huandikwa bei kwa *etto*, yaani gramu mia moja, si kwa samaki. Ukiona euro 6 ukafurahi, kumbuka samaki wa gramu 800 ni euro 48. Mwombe mhudumu amlete samaki apimwe mbele yako kabla hajapikwa. Ni haki yako na hakuna atakayekasirika. Alama ya nyota kando ya jina la chakula huwa na maana kwamba kitu hicho kiligandishwa, na maelezo yake yako chini ya ukurasa kwa maandishi madogo. Chini ya hesabu utaona *coperto*, tozo ya kukalia meza na mkate, euro mbili au tatu kwa kila mtu. Huo si wizi, ndio utaratibu wao. Maji nayo hulipiwa, na bahashishi si lazima.

La mwisho, jikoni hufungwa. Mtu akizungukazunguka hadi saa tisa alasiri akidhani atakula, ataambulia mkate wa kujaziwa kibandani.

Baharia wa Nchi Kavu (mleta uzi)

Ndugu wa Malindi, hoja ya *etto* naomba kila mmoja ainakili mahali.

Kuhusu kufungamanisha chakula, nadhani tofauti yetu inategemea ukubwa wa kundi. Basi la watalii arobaini likishushwa kwenye mkahawa, maneno yako ni ya kweli bila nyongeza. Lakini zipo ziara za watu sita au wanane ambazo mwongozaji hununua vitu sokoni pamoja nanyi asubuhi, akaviacha kwa mpishi, na mkirudi mnakula vilevile mlivyoviona. Hapo chakula si kiambatisho cha ziara, ni nusu yake ya pili, na mtu aliyekula dagaa aliyemwona kwenye sanduku saa tatu anaelewa bandari kuliko aliyesomewa habari zake. Kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni maswali mawili: kundi lina watu wangapi, na je, orodha ya chakula inajulikana tangu wiki iliyopita? Wakijibu kwamba inajulikana na haibadiliki, fuateni ushauri wa Malindi.

Jambo jingine, Italia mwongoza watalii ni kazi ya leseni. Ombeni kuona kitambulisho chake. Mwenye nacho huwa amekivaa shingoni.

Mwalimu Mstaafu

Nimefuatilia uzi huu kwa furaha na ninaomba kuongeza machache ambayo waongozaji wengi huyaacha.

Kwanza, pale kwenye chemchemi ya Arethusa angalieni majani marefu yaliyomo ndani ya maji, katikati ya mabata. Hayo ni mafunjo, yaleyale ya kandokando ya Ziwa Victoria na Naivasha. Ulaya mmea huo hauoti ovyo, lakini Siracusa una makazi yake katika mto Ciane, nje kidogo ya mji, na simulizi ya wenyeji ni kwamba uliletwa kutoka Misri kama zawadi ya Ptolemy wa Pili kwa mfalme Hieron wa Pili, katika karne ya 3 KK. Mafundi wa Ortigia bado hutengeneza karatasi kwa kuchana shina lake vipande vyembamba, kuvilaza kwa kukingamana na kuvigandamiza. Wauzaji wa barabarani nao wana karatasi za bei rahisi zenye michoro ya mafarao, kwa hiyo ni bora kumtazama fundi akifanya kazi kabla ya kununua. Kisiwani humo lipo jumba zima la makumbusho ya mafunjo.

Pili, ni vizuri mwongozaji akiulizwa kuhusu Siracusa ya Waislamu, maana wengi huruka kutoka kwa Warumi hadi enzi ya majengo ya Kibaroko kana kwamba katikati palikuwa na giza. Mshairi Ibn Hamdis alizaliwa huko katika karne ya 11, akaondoka Wanormani walipokuwa wakiteka kisiwa, akaishi Sevilla na kwingineko, na maisha yake yote akaitungia Sicily mashairi ya majonzi. Na wenzetu wa pwani wanayo sababu yao ya kuuliza: ni katika Sicily hiyohiyo, mjini Palermo, ambako al-Idrisi alikamilisha mwaka 1154 kitabu chake cha jiografia kwa ajili ya mfalme Roger wa Pili, na humo Malindi na Mombasa zimetajwa. Mtoto wa Binti Kilindini anaweza kumwambia hivyo mwongozaji, tuone atajibu nini.

Mtoto wa Mwisho

Wakuu, shikamooni. Nataka kumpeleka mama yangu, ambaye ana umri mkubwa na magoti yanamsumbua. Je, ziara hii ataiweza? Na mwezi wa nane unafaa? Ndio mwezi ninaopata likizo.

Mzaliwa wa Malindi

Marahaba. Mwezi wa nane usimpeleke mama, nakuomba. Floridia, mji mdogo jirani na Siracusa, ndiko kulikopimwa nyuzi joto 48.8 tarehe 11 Agosti 2021, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa hiyo ndiyo rekodi ya Ulaya nzima. Mji wote ni mawe meupe yanayorudisha jua usoni, na mchana watu wenyewe hujifungia ndani. Ukikosa kabisa likizo nyingine, anzeni saa mbili asubuhi na saa tano muwe mmeshaingia kivulini.

Kuhusu magoti, ardhi ya Ortigia kwa sehemu kubwa ni tambarare, lakini mawe ya kutandaza yamesuguliwa na nyayo hadi yakawa laini, na yakilowa yanateleza. Viatu vya soli ya mpira ni lazima. Zipo pia Ape, bajaji za Piaggio, zinazotembeza wageni kisiwani. Waitaliano walianza kuziunda mwaka 1948, kwa hiyo mama atajiona yuko nyumbani. Dereva anaweza kumzungusha pembeni mwa bahari wakati ninyi mnapita vichochoroni, mkakutana uwanjani mbele ya kanisa kuu, ambako mikahawa ina viti na miavuli.

Baharia wa Nchi Kavu (mleta uzi)

Nikiongezea kwa Mtoto wa Mwisho: kwa mama ningepunguza ziara iwe soko, ukuta wa mtaa wa Minerva, ndani ya kanisa kuu, chemchemi, kisha chakula. Ngome iacheni. Hodhi la kale la Wayahudi la kutawadhia, lililogunduliwa chini ya jengo la Giudecca wakati wa ukarabati, msijaribu kabisa, kwa sababu liko mita kama 18 chini ya ardhi na njia pekee ni ngazi.

Tamthilia za Kigiriki huchezwa katika ukumbi wa mawe wa kale wa Neapolis kuanzia mwezi wa tano. Ukumbi huo uko ng'ambo, nje ya kisiwa, na msikubali ziara inayodai kuubana pamoja na Ortigia katika asubuhi moja. Upewe siku yake.

Kwa anayetaka kuona mchoro wa Caravaggio wa maziko ya Mtakatifu Lucia, alioufanya mwaka 1608 baada ya kutoroka Malta, naye amuulize mwongozaji kabla ya kuanza. Mchoro huo umehamishwa zaidi ya mara moja kati ya kanisa la Badia, lililo kwenye uwanja wa kanisa kuu, na kanisa la Sepolcro, lililo ng'ambo ya daraja katika mtaa wa Borgata, na tovuti nyingi bado zinataja mahali pa zamani. Mchoro ukiwa uko Borgata siku mtakayokwenda, upitieni asubuhi kabla ya kuvuka daraja, maana baada ya chakula cha Kisicily hakuna atakayekubali kurudi huko kwa miguu.

Binti Kilindini, ukishapata majibu ya barua pepe kutoka kwa wenye ziara, tuletee hapa tuyasome pamoja kabla hujalipa.